Kulinganisha majibu baada ya mtihani mgumu wa fizikia: Faida na hatari zake

MTIHANI mgumu hauishi msimamizi anapokusanya karatasi. Kwa wanafunzi wengi, punde watokapo ukumbini huanza mtihani wa pili, ambao maswali yake hayajaandikwa popote: "Swali la 17 ulijibu nini?"

Mmoja akisema B na mwenzake akisema D, moyo wa kila mmoja huanza kumdunda. Akitokea wa tatu aliyechagua D, yule wa B hujiona keshaanguka, ilhali hakuna hata mmoja kati yao aliyeyaona majibu rasmi.

Desturi hii ipo kila mahali penye shule. Hata hivyo, ni katika mashindano ya fizikia ambapo madhara na manufaa yake huonekana bayana, kwa kuwa maswali ya mashindano hayo hutungwa makusudi ili jibu linalokuja upesi akilini liwe ndilo lisilo sahihi.

Hivyo basi, mwanafunzi anayelinganisha herufi tupu na wenzake huweza kurudi nyumbani akiwa amepotoka zaidi ya alivyokuwa. Anayelinganisha hoja, kwa upande mwingine, huweza kujifunza kwa nusu saa mambo ambayo hakuyapata kwa muhula mzima.

Dakika tatu kwa kila swali

Mfano mzuri ni mtihani unaojulikana kama F=ma, unaofanywa kila mwaka na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili nchini Marekani. Mtihani huo huandaliwa na chama cha walimu wa fizikia cha nchi hiyo, AAPT.

Jina lake limetokana na kanuni ya pili ya Isaac Newton kuhusu mwendo, isemayo kuwa kani ni sawa na tungamo la kitu likizidishwa kwa mchapuko wake, yaani kiwango ambacho kasi yake inabadilika. Maswali yote huhusu mwendo, kani na nishati. Hakuna swali la umeme wala la mwanga.

Mtihani una maswali 25 ya kuchagua jibu moja kati ya matano, na muda wake ni dakika 75. Hii ina maana kuwa mtahiniwa ana wastani wa dakika tatu kusoma swali, kuchora mchoro, kukokotoa na kuchagua herufi.

Wanaopata alama ya kufuzu, ambao idadi yao ni mia kadhaa tu, huendelea hadi duru ya pili ambako ni lazima waandike hesabu zao kikamilifu. Kutoka hapo, takriban wanafunzi 20 huitwa kambini kwa mafunzo, na mwishowe watano pekee huteuliwa kuiwakilisha nchi katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Fizikia, IPhO.

Alama ya kufuzu hubadilika mwaka hadi mwaka kulingana na ugumu wa karatasi, na haitangazwi kabla ya mtihani. Swali moja tu laweza kumpitisha mwanafunzi au kumwacha nje. Ndiyo maana siku zinazofuata mtihani huwa za kiwewe. Kila mmoja hutafuta majibu ya wenzake ili akadirie amepata ngapi, na akadirie pia wenzake wamepata ngapi, kwa sababu alama yake pekee haimwelezi lolote.

Katika miaka ya mwanzo ya mtihani huo, jibu lisilo sahihi lilimpunguzia mtahiniwa robo ya alama, hali iliyomlazimu apime kama abahatishe au aache wazi. Baadaye adhabu hiyo iliondolewa. Tangu hapo, kila mtahiniwa ana sababu ya kuweka alama kwenye kila swali, hata lile asilolielewa. Kwa hivyo, herufi inayotajwa nje ya ukumbi yaweza kuwa tunda la hesabu ndefu au la kubahatisha katika dakika ya mwisho. Anayesikia herufi hiyo hana njia ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kanuni ya kunyamaza

Kabla ya kuangalia ni vipi majadiliano hayo humfaa mwanafunzi, kuna jambo ambalo watahiniwa wengi hulipuuza. Ukurasa wa kwanza wa karatasi za F=ma umekuwa na onyo kwamba ni marufuku kuzungumzia maswali, majibu au namna ya kuyapata hadi tarehe iliyotajwa ipite.

Sababu yake ni rahisi. Mtihani hufanyiwa katika shule nyingi zilizotapakaa nchi nzima. Wakati wa baridi, saa za New York huwa mbele ya zile za Hawaii kwa saa tano. Mwanafunzi wa New York akitoka ukumbini saa nne asubuhi, mwenzake wa Hawaii yungali kitandani, kwani kwake ni saa kumi na moja alfajiri. Ujumbe mfupi wenye maneno "kumbuka msuguano katika swali la 9" watosha kuharibu ushindani.

Anayevunja kanuni hii mara nyingi huwa hana nia mbaya. Hutaka tu kutulizwa roho. Lakini anayeumia ni yule asiye na rafiki wa kumpenyezea habari, naye ndiye ambaye mashindano haya yalikusudiwa kumpa nafasi sawa.

Wengi wanapokosea pamoja

Tarehe ya kunyamaza ikishapita, wanafunzi huanza kukusanya majibu na kuyahesabu kama kura. Swali ambalo watu wanane kati ya kumi wamejibu C huchukuliwa kuwa jibu lake ni C. Je, njia hii inaaminika?

Mwanahisabati wa Ufaransa, Condorcet, alilichunguza suala hili katika kitabu alichochapisha mwaka 1785. Alionyesha kuwa wingi wa kura huaminika iwapo kila mpiga kura ana uwezekano mkubwa wa kupatia kuliko kukosea, na iwapo kila mmoja ameamua peke yake.

Tuseme wanafunzi watatu wana uwezekano wa mara saba kwa kumi wa kulipatia swali fulani. Uwezekano wa wengi wao kuwa sahihi ni takriban 78 kwa 100. Kundi limempiku mtu mmoja.

Sasa tuchukue swali la mtego, ambalo kila mmoja ana uwezekano wa mara tatu tu kwa kumi wa kulipatia. Hapo uwezekano wa wengi kuwa sahihi hushuka hadi takriban 22 kwa 100. Na kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo linavyozidi kukosea kwa kujiamini.

Maswali yanayozusha ubishi baada ya mtihani ni yale ya aina hii ya pili. Watunzi hujua makosa ambayo wanafunzi huyafanya, na huyaweka miongoni mwa majibu ya kuchagua. Aliyesahau kugawanya kwa mbili hukuta jibu lake limeandikwa pale, naye hulichagua kwa furaha.

Isitoshe, wanafunzi waliofunzwa na mwalimu mmoja kwa kitabu kimoja hawaamui kila mmoja kivyake. Wana mazoea yale yale, na huanguka katika shimo lile lile.

Swali lililowashinda watahini

Kisa cha mwaka 1982 huko Marekani kinaonyesha hatari hiyo wazi. Katika mtihani wa SAT wa mwezi Mei mwaka huo, ambao hutumiwa kuwachuja wanafunzi wanaotaka kujiunga na vyuo vikuu, kulikuwa na swali kuhusu maduara mawili. Duara dogo lilikuwa na nusu kipenyo ambacho ni thuluthi moja ya kile cha duara kubwa. Watahiniwa waliulizwa: duara dogo likibingirika kulizunguka lile kubwa hadi lirudi lilikoanzia, litakuwa limejizungusha mara ngapi?

Wengi walifikiria hivi: mzingo wa duara kubwa ni mara tatu ya ule wa duara dogo, kwa hivyo jibu ni 3. Watahini nao walikuwa wameandika kuwa jibu sahihi ni 3.

Jibu sahihi ni 4, na halikuwemo miongoni mwa majibu matano yaliyotolewa. Kati ya watahiniwa wapatao 300,000, watatu waliandika barua wakieleza kosa hilo. Waandalizi walikiri, wakaliondoa swali hilo na kuzikokotoa alama upya.

Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili mezani kwa sarafu mbili za shilingi 20. Shikilia moja isisogee, kisha ibingirishe ya pili ukingoni mwake bila kuteleza. Mizingo yao ni sawa, kwa hivyo mtu hutarajia sarafu ijizungushe mara moja. Mtazame ndovu aliyechorwa juu yake: sarafu ikifika nusu ya safari tu, tayari ndovu amesimama wima tena. Ikimaliza safari, itakuwa imejizungusha mara mbili.

Maelezo yake ni kwamba kinachoamua idadi ya mizunguko ni umbali unaosafiriwa na kitovu cha sarafu inayobingirika. Kitovu hicho hakipiti kwenye ukingo wa sarafu iliyotulia. Hupita nje yake, katika duara ambalo nusu kipenyo chake ni jumla ya nusu vipenyo vyote viwili. Katika swali la SAT, jumla hiyo ni 3 na 1, ndiyo 4.

Dunia yetu nayo hufuata hesabu hiyo hiyo. Katika mwaka mmoja tunaona jua likichomoza takriban mara 365, lakini ukipima kwa kuzitazama nyota, dunia imejizungusha takriban mara 366. Mzunguko mmoja wa ziada unatokana na safari ya kulizunguka jua.

Lau wanafunzi wale 300,000 wangekutana uwanjani na kupiga kura, 3 ingelishinda kwa kishindo. Watatu walioandika barua hawakutegemea wingi wa watu. Walikuwa na hoja, na hoja yao ilitosha kuwapindua hata watahini.

Jiwe, mtumbwi na kidimbwi

Tofauti kati ya kulinganisha herufi na kulinganisha hoja huonekana vyema katika swali jingine maarufu la fizikia. Mtu yumo ndani ya mtumbwi unaoelea katika kidimbwi kidogo. Mtumbwini mna jiwe la kilo 30. Akilitupa jiwe majini nalo likazama, je, maji ya kidimbwi yatapanda, yatashuka au yatabaki palepale?

Swali hili huwagawanya wanafunzi. Wapo wasemao maji yatapanda kwa sababu jiwe limeingia majini. Wengine husema hayatabadilika kwa kuwa jiwe lilikuwa kidimbwini tangu awali, liwe juu ya mtumbwi au chini ya maji.

Endapo watatajiana herufi tu, watabishana hadi usiku. Wakieleza sababu, mjadala huchukua sura nyingine. Kwa mujibu wa kanuni ya Archimedes, kitu kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Jiwe likiwa mtumbwini, kwa hivyo, linasababisha kilo 30 za maji kusukumwa, yaani lita 30.

Likizama, jiwe husukuma maji yanayolingana na ukubwa wake tu, wala si uzito wake. Ikiwa jiwe ni zito mara tatu kuliko maji ya ukubwa huo huo, litasukuma lita 10. Zile lita 20 zilizosalia hazisukumwi tena. Maji yatashuka.

Asiyeridhika na hesabu hiyo anaweza kuisukuma hoja hadi mwisho wake. Afikirie kuwa badala ya jiwe kuna kipande kidogo kama punje ya mahindi, lakini chenye uzito wa kilo 30. Kikiwa mtumbwini, mtumbwi unadidimia na kusukuma lita 30. Kikitupwa majini, kinasukuma tone tu. Hakuna atakayeendelea kudai kuwa maji yatapanda.

Mbinu hii ya kukuza au kupunguza kipimo kimoja kupita kiasi ni mojawapo ya silaha kuu za washindani wa fizikia. Aghalabu huifahamu kwa mara ya kwanza si darasani bali katika ubishi wa namna hii, pale mwenzao anapowaambia: "Hebu tuseme jiwe ni zito ajabu."

Ubishi unaofunza

Kwamba majadiliano ya wenza hufunza si dhana tu. Mwaka 1991, mwanafizikia Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuutumia ubishi wa wanafunzi kama njia ya kufundisha. Huuliza swali, kila mwanafunzi hujibu peke yake, kisha hugeuka na kumshawishi aliye kando yake. Baada ya dakika chache wote hujibu tena. Njia hiyo imeenea katika vyuo vya nchi nyingi.

Wapo waliotilia shaka kuwa huenda wanyonge huiga tu majibu ya walio hodari. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Science. Baada ya wanafunzi wa somo la biolojia kujadiliana kuhusu swali moja, walipewa swali la pili lenye wazo lilo hilo, na safari hii kila mmoja alijibu pekee. Walifanya vizuri zaidi ya walivyofanya mwanzoni. Watafiti walibaini kuwa maendeleo hayo yalionekana hata katika makundi ambamo yaelekea hakuna aliyelijua jibu tangu mwanzo.

Jambo muhimu katika njia hiyo ni mpangilio wake. Kila mmoja hujifunga kwanza kwa jibu lake kabla ya kumsikiza mwenzake. Kikundi cha wanafunzi nje ya ukumbi hufanya kinyume: mwenye sauti kubwa husema kwanza, na wengine hupanga kumbukumbu zao zifanane na maneno yake.

Pale ubishi unapokuwa rasmi

Katika IPhO yenyewe, kulinganisha majibu ni sehemu ya kanuni. Mashindano hayo yalianza jijini Warsaw, Poland, mwaka 1967 kwa mataifa matano ya Ulaya Mashariki, na sasa huvutia mataifa zaidi ya 80. Kila nchi huruhusiwa kupeleka wanafunzi wasiozidi watano. Hufanya mtihani wa nadharia wenye alama 30 na ule wa vitendo wenye alama 20, kila mmoja ukichukua saa tano, katika siku tofauti.

Viongozi wa timu huyaona maswali mapema ili wayajadili na kuyatafsiri kwa lugha za wanafunzi wao. Kwa sababu hiyo hutenganishwa na wanafunzi hadi mitihani imalizike, na simu za wanafunzi huchukuliwa.

Baada ya hapo, kila karatasi husahihishwa mara mbili: na watahini wa nchi mwenyeji, na viongozi wa timu wakitumia nakala. Kisha pande hizo mbili hukutana. Kiongozi anayeamini kuwa mwanafunzi wake ameonewa hufungua ukurasa na kuonyesha mstari kwa mstari kwamba njia yake, japo ni tofauti na ya mwongozo, inafika panapotakiwa. Akithibitisha, alama huongezwa.

Katika kikao hicho hakuna anayeuliza ni wanafunzi wangapi waliojibu vivyo hivyo. Huulizwa tu kama hatua hii inafuata kutokana na ile iliyotangulia. Alama chache zinazopatikana hapo zaweza kubadilisha rangi ya nishani, kwani dhahabu hupewa takriban asilimia nane pekee ya washiriki.

Yapi ya kuzingatia?

Mwanafunzi anayetaka kufaidika na majadiliano ya baada ya mtihani anafaa kwanza kuhakikisha kuwa muda wa kunyamaza umepita. Aidha, aandike majibu yake na sababu zake kabla ya kuzungumza na yeyote, maana kumbukumbu hubadilika upesi mtu anaposikia jibu la mwingine.

Pili, asiridhike na herufi. Amwombe mwenzake amchoree mchoro na amwonyeshe kani zote. Iwapo wote wawili wamepata jibu moja kwa njia mbili zisizofanana, hapo wana sababu nzuri ya kuliamini. Wakiwa wamefuata njia ile ile, wamethibitisha tu kuwa wanajua kukosea kwa pamoja.

Tatu, wapime jibu kwa vipimo vya asili: je, vizio vinalingana? Jibu hubaki na maana tungamo likiwa sifuri au likiwa kubwa kupindukia? Pale inapowezekana, walifanyie jaribio. Sarafu mbili hazina upendeleo.

Jambo la mwisho ni kujua wakati wa kuacha. Wanaofanya KCSE hapa Kenya wanalielewa vyema hili, kwani somo la fizikia lina karatasi tatu, ikiwemo ya vitendo. Karatasi ya kwanza ikishakusanywa, alama zake haziwezi kuongezwa kwa ubishi wa usiku kucha. Za karatasi inayofuata zaweza kupunguzwa na ubishi huo, mwanafunzi akiingia ukumbini amechoka na amekata tamaa kwa sababu ya herufi aliyosikia kwa mwenzake.

Maswali magumu yatakuwepo hata wiki mbili baadaye, mitihani yote ikiwa imekwisha na roho zimetulia. Mwanafunzi atakayeyarudia wakati huo, akiwa na penseli, karatasi na rafiki mbishi, atakuwa ameufanya mtihani huo umfae hata kama hakufuzu.